Namba Kwenye Kioo

Jumamosi, 1996

Nimechoka na hii Datsun. Tangu kioo cha nyuma kivunjike nimekuwa nikifunga nailoni, na mvua inaingia tu. Leo fundi mmoja wa Kawangware akaniwekea kioo cha mtumba, bei rahisi sana. Nikarudi Kibera nikiwa na furaha kidogo.

Nilipokipangusa ndipo nikaona kwa kona kumechorwa namba ya gari. Ni namba ya Mzee Odhiambo, jirani yetu, mwenye Datsun kama yangu. Wezi walimng'olea kioo cha nyuma wiki jana.

“Mrudishie,” mke wangu akasema.

“Na akiuliza nimekitoa wapi? Ataamini nilinunua?”



Nilishamwahidi mzee kwamba kesho nitampeleka kanisani, maana gari lake bado halina kioo. Yeye hupenda kukaa kiti cha nyuma, karibu na kile kioo.