Tumbo Limenyamaza

Kwako mdogo wangu,

Natumai hujambo, shemeji hajambo, na magoti yako yamepunguza kelele. Mimi ni mzima kiasi. Nakuandikia nikiwa hospitali, na mwandiko ukiuona umepinda si uzee, ni kitanda kibovu.

Niliharisha damu wiki nzima. Binti yangu akasema twende kwa daktari, nikamwambia nimeziba mabomba ya mji huu wote yeye hajazaliwa, tumbo moja litanishinda? Nikanunua vidonge vya kufunga, nikavibugia. Kweli kukafunga! Tumbo lililokuwa linanguruma likawa kimya, nikajisifu mpaka jirani akafunga dirisha. Maana kwetu mafundi, bomba likinyamaza, kazi imekwisha.

Basi likaanza kuvimba. Likakaza kama tairi, homa ikapanda, moyo ukawa unakimbia nami nimelala. Ndipo nikaletwa huku nabisha. Daktari, kibinti tu, akaniwekea tumboni chombo chake cha kusikilizia. Akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Akasema limenyamaza. Nikamwambia ahsante, hiyo kazi yangu. Hakucheka. Nikapigwa picha, akanionyesha utumbo mpana umetanuka kama handaki, hewa tupu. Akasema vidonge vyangu vimefungia sumu ndani, utumbo umepooza, na ukipasuka nimekwenda. Wananitia dawa kwenye mshipa, lakini akaonya akili ikianza kunichezea niseme upesi, hapo hakuna kungoja, ni kupasuliwa na kuutoa. Nikamjibu kichwa changu kizima kuliko chake.

Sasa hili nakwambia wewe. Mama yuko hapa. Mama yetu huyu huyu tuliyemzika. Tangu asubuhi, jua limejaa wodini, amesimama baina ya kitanda changu na dirisha, wala hana kivuli. Anainama, anategesha sikio tumboni kwangu, halafu anatabasamu. Daktari aliponiuliza namtazama nani, nikasema nzi.

Hivi punde mama kaniambia twende. Na wewe unanijua, lini mama aliniita nikaenda? Nimemwita muuguzi, nimemwambia yote, mama na nzi. Daktari kaleta karatasi ya kukubali kupasuliwa na wino wa kidole. Wino nimeukataa, nimeandika jina langu zima, herufi kubwa. Wako mlangoni na kitanda cha magurudumu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama naye anakusalimu.

Usiitikie.

Ni mimi kaka yako,
fundi bomba