Vidonge Nilivyokutumia Laela

Izia, Sumbawanga
Mwezi wa tano

Mpendwa dada Rozina,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Laela, na mahindi mmeshaanza kuvuna? Huku baridi imeingia. Timoth, baba yake Leonsi, anakusalimu. Leonsi anatambaa, ana meno mawili na ukorofi wako wote. Mimi nimechoka, ila nimeona niandike, maana simu angeweza kuipokea shemeji, na haya ni yetu wawili kwanza.

Majibu ya Mbeya yametoka. Ule uvimbe wa kwenye titi langu, tuliosema ni maziwa yameganda, nikakandwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka, ni saratani. Leonsi nimemwachisha ziwa. Analia, nami nalia.

Nilimwambia daktari nimeshaanza dawa, nikamtolea vidonge. Alivitazama mpaka nikaona aibu. Akanieleza taratibu kwamba saratani ya matiti si moja. Ipo inayolishwa na homoni za mwili, na hiyo ndiyo vidonge vile huizuia. Yangu imepimwa alama tatu za kuonyesha ni aina gani, haina hata moja, kwa hiyo vidonge haviisaidii kitu. Akasema aina hii huonekana zaidi kwa wanawake weusi kuliko kwa Wazungu, tena wakiwa bado vijana, na inakwenda mbio. Nikamuuliza kama sisi Wafipa tumelaaniwa. Akasema, "Hapana, mama. Hata Mfipa anaweza kupata ile nyingine. Kabila halitoi jibu, kipimo ndicho kinatoa."

Sasa nisikilize, dada. Vidonge nilivyokutumia kwa kondakta mwezi wa pili, nikasema nimeandikiwa hospitali, nilidanganya. Ni vya mama Nadhira wa duka la vitenge. Yeye aliugua saratani ya titi, anavimeza mwaka wa nne na yu mzima, akanigawia kwa huruma. Nikakupa nusu kwa sababu uliogopa kupimwa uvimbe wako, nami nilipata nafuu kuogopa tukiwa wawili. Kwenda Mbeya nimepita Laela mara mbili, nimeinamisha kichwa usinione.

Uvimbe wako huenda ni aina ile ya homoni, huenda si saratani kabisa. Mimi sijui, na wewe hujui. Jumatatu nakwenda Mbeya kuanza dripu za dawa ya saratani. Nimekukatia siti kando yangu. Shemeji mwambie mwenyewe. Jumapili ikifika hujamwambia, nampigia mimi. Usipokuwepo stendi ya Laela nitashuka, na basi litaniacha.

Nichukie ukishapimwa.

Wabusu watoto, na mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Josefina