Maelezo ya Morven Haldane kuhusu kuanguka kwa Iona Haldane kwenye ngazi za ukumbi wa barafu

POLISI, KITUO CHA INVERCAIRN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Morven Haldane
Umri: Miaka 31
Kazi: Karani wa vipuri, duka la matrekta
Makazi: Shamba la Nether Cairnie, nje ya mji wa Invercairn
Tarehe: Jumapili, 15 Februari 2015, saa nne asubuhi
Aliyeandika: Konstebo F. Baird

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni nahodha wa timu ya wanawake ya Uskoti ya kalingi, mchezo wetu wa kusukuma mawe kwenye barafu. Iona Haldane, mwenye miaka 26, ni mdogo wangu wa tumbo moja na tunacheza timu moja. Walter Haldane, anayejulikana na wengi kama Wattie, ni baba yetu mzazi. Yeye pia ndiye kocha wetu.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Februari, saa nane mchana, tuliingia uwanjani katika ukumbi wa barafu wa Invercairn kucheza na Norwei. Ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya kimataifa ya wanawake. Tulikwenda sare mpaka jiwe la mwisho. Jiwe hilo lilikuwa letu na mrushaji nilikuwa mimi. Jiwe la Norwei lilikuwa limekaa karibu kabisa na kitovu cha duara la shabaha. Kama langu lingeligonga na kuliondoa, tungeingia fainali.

Lilitoka mkononi mwangu vizuri. Iona na mwenzake walikuwa mbele yake wakifagia barafu kwa brashi ili lisipunguze mwendo. Lilipofika katikati ya uwanja Iona aliinua mkono, akalizuia jiwe kwa mguu na kusema, "Nimeligusa."

Konstebo ametaka jambo hili lielezwe kwa ajili ya watakaosoma. Brashi ikigusa jiwe linalotembea, jiwe hilo huondolewa. Hatumsubiri mwamuzi. Aliyegusa ndiye anayesema, hata kama ni unywele mmoja wa brashi na ukumbi mzima haukuona. Sisi wawili tulifundishwa hivyo na baba tangu tukiwa wadogo, kabla hata hatujaweza kulinyanyua jiwe.

Nilimuuliza Iona, "Una hakika?"

Akasema, "Nimehisi mkononi."

Nikamwambia, "Basi litoe."

Bila jiwe hilo tulikuwa tumeshindwa, nikampa mkono nahodha wa Norwei, Turid Nesheim. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika arobaini jioni. Baba alikuwa kwenye kiti cha makocha na hakusimama.

Kwetu wachezaji wa kalingi, aliyeshinda humnunulia aliyeshindwa kinywaji cha kwanza, na timu zote mbili hukaa meza moja. Turid alimfuata Iona akamwambia, "Umenikera wewe. Nilitaka nikushinde, siyo unipe." Iona akamjibu, "Usijali, mwakani nitakunyima." Turid akacheka, akasema, "Agiza chochote unachotaka. Kwetu bia ni ghali kuliko kiatu, hapa sisikii uchungu."

Kuhusu viatu. Mchezaji huvaa kiatu kimoja chenye soli ya utelezi, ili aweze kuteleza anaporusha jiwe. Akitoka kwenye barafu anaifunika soli hiyo kwa kifuniko cha mpira asije akaanguka. Wapo wanaosahau, na kila msimu hakosi mtu anayevunjika mkono kwa sababu hiyo. Iona hakusahau. Alisimama kwa mguu mmoja mlangoni, ameshika bega la Turid, akakivaa kifuniko. Turid alimwambia, "Fanya haraka bibi, bega langu si ukuta." Turid anaweza kuulizwa.

Tulipanda ngazi za zege zinazotoka barafuni kwenda kwenye korido ya juu. Turid alitangulia, akaingia chumba cha vinywaji na mlango ukajifunga nyuma yake. Wenzetu wawili walikuwa bado chini wakikusanya vifaa. Baba alikuja kutoka upande wa pili wa korido akasimama mbele ya Iona. Iona alikuwa ameshafika juu na ngazi zilikuwa mgongoni kwake. Mimi nilikuwa pembeni yake, ukutani. Hakukuwa na mtu mwingine.

Baba alimuuliza, "Nani aliyeona?"

Iona akasema, "Mimi."

"Nimekuuliza nani mwingine."

"Hakuna, baba. Twende tukakae na watu, wanatungoja."

Baba akasema, "Miaka ishirini naamka saa kumi na moja alfajiri kuwaleta hapa, kwenye theluji, ng'ombe hawajakamuliwa. Na wewe unainua mkono."

Iona akamwambia, "Basi kesho lala mpaka saa mbili."

Aliisema kwa utani. Ndivyo anavyozungumza naye nyumbani, na siku nyingine baba hucheka.

Baba alimsukuma. Alitumia mikono miwili, hapa kifuani. Iona alikwenda kinyumenyume, hakupata cha kushika, akaanguka mpaka chini. Nilisikia kichwa chake kikigonga zege.

Mimi nilikuwa wa kwanza kushuka. Macho yake yalikuwa wazi nusu lakini hakunijibu. Damu ilikuwa inatoka sikioni. Baba alishuka akapiga magoti miguuni kwake, akawa anashughulika na kiatu. Nilidhani anamlegezea kamba. Alivua kile kifuniko cha mpira, akakitia kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe.

Wahudumu wa ukumbi walipofika mbio, aliwaambia, "Ameteleza. Hakuvaa mpira." Waliangalia mguu wa Iona, na mmoja wao akatikisa kichwa akasema, "Hawa wasichana tunawaambia kila siku." Maneno hayo hayo baba aliyarudia kwa watu wa gari la wagonjwa. Mimi nilikuwepo na nilinyamaza. Nilikuwa nimeshika kichwa cha Iona kama walivyonielekeza, lakini si kwamba sikuweza kusema.

Nilikaa hospitali mpaka asubuhi. Daktari alisema ubongo umevimba na kwamba hawezi kuniahidi kitu. Mpaka naondoka Iona alikuwa hajaamka.

Leo nimeletwa hapa na baba kwa gari lake. Njiani alisema, "Wewe ulikuwa umegeuka, Morven. Hukuona kitu." Baadaye akasema, "Akiamka atakuwa na dada yake na baba yake. Usimpunguzie mmoja." Alinifungulia mlango wa gari, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Sikuwa nimegeuka. Nilikuwa namtazama baba usoni. Konstebo ameniuliza kama huenda baba alitaka tu kumsogeza Iona ili apite, na mkono ukamzidi nguvu. Hapana. Ameniuliza kama nina ugomvi naye. Sina. Nampenda baba yangu, na naomba hilo liandikwe pia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimeyasema bila kushurutishwa, nikijua yatasomwa mahakamani na kwamba baba atakuwepo.

Sahihi: M. Haldane

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi yote yaliyoandikwa hapo juu. Tulipofika kwenye sentensi "Baba alimsukuma" aliniomba niache kusoma kwanza. Nilimuuliza kama angependa kubadilisha neno. Alisema liachwe na niendelee kusoma. Nilimuuliza pia kama nimwitie mtu wa familia akae naye. Alisema wa familia yupo kwenye benchi la mapokezi, amemshikia koti lake, na akaomba aambiwe asiendelee kumsubiri. Nilikwenda kumwambia mimi mwenyewe, nikamweka Walter Haldane chini ya ulinzi. Shahidi amepelekwa hospitali kwa gari la kituo. Koti la shahidi limebaki kwenye benchi.

F. Baird, Konstebo