Sauti Yangu Chini ya Tafsiri

Kanazi, Ngara
Machi 1979

Mwanangu Ansbert,

Masomo yanaendaje huko Mwanza? Hapa maharage yamestawi.

Waandishi wa habari wa redio walikuja na kinasa sauti kufanya mazungumzo na wananchi kuhusu vita. Wakaniita niseme, kwa kuwa kaka yako Pancras amefia vitani. Nikasema kwa Kihangaza, "Niachieni mdogo wake, ndiye aliyebaki."

Katibu wa kijiji akawatafsiria kwa Kiswahili, "Mama anasema bado ana mwingine, mchukueni."

Wakapiga makofi! Mmoja akanipa mkono. Nimenawa mkono wangu kwa majivu, lakini marashi yake bado yananuka.

Ukisikia redioni kwamba nimekutoa uende vitani, tega sikio chini ya sauti ya katibu. Wewe Kihangaza unakijua.

Mama yako,
Melania