Breki ya Roboti Inalika, Msimamizi Wangu Anasema Tungoje Tuone

Bibi Masue, mshauri wetu, mimi ni wa hapa hapa Tobata, mama yangu hukusoma gazetini kwa sauti asubuhi tukinywa supu, wewe unagombeza watu na sisi tunacheka, ila leo sicheki, leo nakuomba unigombeze mimi, lakini kwanza unisaidie.

Mimi ni fundi wa roboti kwenye kiwanda cha milango ya magari, na kazi yangu hasa ni kuchunguza mota, maana kila kiungo cha roboti kina mota yake na kila mota ina kisanduku kinachoiendesha, kisanduku hicho kinajua mkono unatakiwa uwe wapi na mota ivute umeme kiasi gani, na kinachotakiwa kikitofautiana na kinachotokea kupita kikomo tulichoweka, king'ora kinalia na laini nzima ya uzalishaji inasimama. Sasa tangu majira ya mvua kuna roboti ya kona, tumeipa jina Sumo kwa unene wake, mota yake ya bega inavuta umeme kuliko inavyostahili, king'ora kinalia, tunasimama, tunachungulia, hatuoni kitu, tunawasha, kinalia tena, mpaka msimamizi wangu Bwana Hatanaka akaniita akaniambia, "Kijana, king'ora chako kina wivu kuliko mke wangu, mota ikipumua tu kinapiga kelele. Kipandishie kikomo." Nikamwambia, "Hatanaka-san, huenda kuna kitu kweli." Akasema, "Tungoje tuone." Basi nikapandisha kikomo, kukawa kimya, laini ikaenda, watu wakanishukuru, hata mama wa kantini akaniongezea tempura ya kukaanga kwenye bakuli la tambi za udon, na mimi nikaila.

Lakini Bibi, sikuacha kuzitazama namba za Sumo, na sasa najua, ubovu hauko kwenye mota yenyewe, uko kwenye breki iliyo ndani yake, haiachii vizuri, mota inazunguka huku breki imeibana, kama mtu anayeendesha gari huku mguu mwingine umekanyaga breki, na breki ya namna hiyo inalika, na ikishalika haishiki tena, na breki ile ina kazi moja tu duniani, kuushikilia mkono umeme ukizimwa. Na umeme unazimwa lini? Unazimwa mwenzetu Mzee Obata anapoingia ndani ya uzio unaoizunguka roboti kusafisha ncha zake za kuchomelea vyuma. Amebakiza kidogo astaafu. Anasimama kwenye mlango wa uzio, ananyoosha kidole kwenye taa ya umeme iliyozimika, anaita kwa sauti "Yoshi!", yaani sawa, salama, kama tulivyofundishwa sote, kisha anaingia anainama chini ya mkono wa Sumo huku anaimba puani, na mimi niko nje najua kuwa ile taa iliyozimika ndiyo hatari yenyewe.

Utauliza kwa nini sisemi. Bwana Hatanaka ni mjomba wa Misuzu, mchumba wangu, yeye ndiye aliyetukutanisha, na kwenye harusi yetu majira ya kuchipua yeye na mkewe watakaa pale mbele kama washenga. Nilipomrudia mara ya pili alinong'ona, "Mwezi ujao kuna siku ya ukaguzi, tutaifungua. Mteja anangoja milango. Unataka kunivua nguo mbele ya mkurugenzi, wewe unayeingia kwenye ukoo wangu?" Nikamweleza Misuzu, naye akanijibu, "Mashine unazijua wewe. Mimi unaniuliza nini?" na tangu hapo amenuna. Nikisimamisha laini namwaibisha mshenga wangu mwenyewe, nikinyamaza sili wala silali. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Fundi Niliyenyamaza, Tobata

*

Wewe Fundi,

Barua yako ilifika Jumanne na ukurasa huu hutoka Jumapili. Nilipoimaliza nilivaa viatu nikamwendea mhariri, nikamwambia mpigie kijana huyu sasa hivi. Akasema, "Bibi, utaratibu wetu ni kujibu gazetini." Nikamwambia, huo utaratibu kamsomee Sumo, labda atakubali kuubeba mkono wake hadi Jumapili. Akapiga. Wasomaji wangu, haya ndiyo tuliyosemezana, na ninayaandika kwa sababu wenzake huyu mko wengi. Majina nimeyabadilisha, wenye nayo wanajijua.

Ulipokea wakati wa chakula cha mchana, mdomo umejaa.

"Obata yuko wapi?" nikakuuliza.

"Nani mwenzangu?"

"Masue wa gazetini. Obata yuko wapi?"

"Yuko hapa kantini, Bibi, anakula. Akimaliza ndiyo anaingia kusafisha."

"Na wewe unatafuna."

"Bibi, siku ya ukaguzi ni mwezi ujao tu, nilikuwa nafikiri..."

"Umeshafikiri vya kutosha, nimesoma mpaka miwani ikaingia ukungu. Kuna njia ya kuijaribu hiyo breki bila mtu kuwa chini?"

"Ipo. Tunatoka wote nje ya uzio, tunazima umeme, tunautazama mkono kama utakaa. Lakini lazima laini isimame, na laini kusimama lazima Hatanaka-san..."

"Kiwandani kwenu si kuna kamba ya kusimamisha laini?"

"Ipo."

"Imeandikwa Hatanaka?"

Nikasikia mabakuli yakigongana huko kwenu.

"Haikuandikwa, Bibi. Ni ya kila mtu."

"Basi kila mtu ni wewe. Ivute."

"Na harusi?"

"Mshenga wako suti nyeusi anayo moja, kama wanaume wote wa hapa. Ya harusi ndiyo hiyo hiyo ya mazishi, anachobadilisha ni tai. Nyeupe au nyeusi, mchagulie."

Ukakata simu bila kuniaga. Sikukasirika. Ndiyo adabu niliyoitaka.

Jioni ukanipigia mwenyewe. Ulivuta kamba, Hatanaka akaja mbio anafoka, wewe ukasimama kwenye mlango wa uzio ukamwambia Obata, "Mzee, leo huingii." Mkazima umeme mkiwa nje nyote. Mkono ukakaa. Hatanaka akacheka akasema, "Haya, si unaona..." Hakumaliza. Mkono ulianza kushuka polepole kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa, halafu ukaanguka wote, ukakita pale pale kwenye meza ya milango anapoinamia Obata. Ukaniambia Obata alivua kofia yake ngumu, akaitazama ndani, akaitazama nje.

Sasa unaniuliza tena. Hatanaka hakusemeshi, na mkewe amempigia Misuzu kumwambia kuwa majira ya kuchipua huenda wakawa na shughuli nyingi. Eti uende ukaombe radhi? Kaa chini, nakuja kwako.

Pole nakupa, si ndogo. Kusimama peke yako mbele ya watu wote laini imekufa kimya, si mchezo, na umefanya. Lakini usivimbe kichwa. Mtu aliyekusogeza alikuwa bibi kizee kwenye simu, na ingetakiwa akusogeze yule mzee aliyekuwa anakula meza ya pili kutoka yako. Mimi mota sizijui na sitaki kuzijua. Shule niliiacha mapema, mgongoni nimembeba mdogo wangu. Nimeuza samaki wa kupikwa na pumba za mchele zilizochachushwa chunguni, sokoni Kokura, mpaka magoti yakagoma, na wateja wangu walipanga foleni, waulize. Chungu cha pumba lazima kitiwe mkono kukorogwa kila siku, zisioze. Siku kinaponuka vibaya huzibi pua ukasema harufu imekwisha, unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko utafute kilichooza. Wewe na Hatanaka mliziba pua ya kiwanda kizima, kisha ukapewa tempura ya shukrani ukaila. Ingekukaba.

Kesho ukifika, rudisha kikomo pale kilipokuwa. Usingoje kuagizwa. Mkono uliokipandisha ni wako, wako ndio ukishushe. King'ora kikilia tena, na kilie, ndiyo kazi yake, wewe kazi yako ni kujua kinalilia nini. Halafu angalia maroboti yaliyonunuliwa pamoja na Sumo, breki zao ni za umri mmoja, jaribu moja moja watu wakiwa nje. Na Obata asiingie popote kwa kunyooshea taa kidole peke yake. Mkono wa roboti ulazwe chini kwanza au uwekewe nguzo ya kuushika, kisha ndiyo aite Yoshi yake.

Kwa Hatanaka utakwenda mchana, na Misuzu ubavuni. Huyo binti ana akili, alikujibu sawasawa na wewe ukaita kununa. Chukueni boksi la keki za maharagwe, la bei ya kawaida, la ghali litasema una hatia. Mwinamie kwa jambo moja. Ulikubali neno lake huku moyoni unakataa, na badala ya kumkatalia usoni ukaliandikia gazeti. Hilo ni kosa, liombee radhi mpaka paji la uso liguse mkeka. Kwa kusimamisha laini usiiname hata unene wa kucha. Akisema haoni haya kukaa mbele kwenye harusi yenu, vizuri. Akikataa, oaneni bila mshenga, siku hizi wengi wanaoana hivyo na watoto wanazaliwa tu.

Na wewe Hatanaka, najua unasoma. Wewe si mtu mbaya, ulikuwa unaogopa simu ya mteja. Mimi nilikuwa nawaogopa wateja wangu vile vile, lakini chungu changu nilikitia mkono. Kamwendee Obata umwambie kwa mdomo wako ulichokuwa unakijua. Yeye anastahili kusikia kutoka kwako, si kutoka gazetini.

Nyinyi wengine mnaopenda kusema "tungoje tuone", ni neno zuri, lisemeni kwa mvua, lisemeni kwa mchumba asiyeeleweka. Ila kabla hujalisema kazini, uliza kwanza ni nani atakayesimama chini wakati wewe unangoja. Kama si wewe mwenyewe, huna ruhusa ya kungoja.

Bibi Masue