Mwalimu Mkuu Aliyepiga Magoti

Nikaweratiya, Jumapili

Dada yangu Kusumalatha,

Leo siku ya tisa ya ndoa, na bado natabasamu peke yangu jikoni! Jana mume wangu, mwalimu mkuu mzima, alibeba majani ya tambuu, yale tunayompa mtu kwa heshima, nyumba kwa nyumba, akawapigia magoti wazazi wanaotaka kupeleka watoto shule za mjini.

"Mwalimu, inuka! Sisi ndio wa kukupigia magoti wewe. Utatuletea laana!" mama mmoja alipiga kelele.

"Nipe mwanao, nitainuka."

Akampa! Dada, nilimpenda upya.

Ila darasa la kwanza lisipotimia watoto kumi mwisho wa mwezi, shule yetu inafungwa. Tunao tisa. Mwanao Dinithi ametimiza miaka sita. Nimeshamtandikia kitanda.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Sujeewa