Yosefu Kati ya Maua ya Mama

Dubuque, 3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ninakutangazia rasmi, majirani wakiwa mashahidi, kwamba mlango wa mbele wa nyumba yangu sasa ni wa kijani. Kamati ya nyumba za kale imekaa vikao vitatu juu ya kijani hicho. Walitaka kile cha mwaka 1887, kana kwamba yuko aliyekiona.

Mimi mzima. Mgongo je, tangu ulipoanguka kwenye zile ngazi Januari? Nyumba yangu imara, na shukrani ni zako. Dalali alinisifia vioo vya rangi. Wewe ukashuka chini na tochi, ukagonga msingi nusu siku. Chumba kilicho karibu na jiko ni chako. Hakina ngazi hata moja. Nyumba ya huko imepata mnunuzi?

Mwanao,
Marlys

Cascade, 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika huku unafanya kazi. Wengine hulalamika tu. Hongera kwa mlango.

Mnunuzi bado. Nimefanya kama wazee wetu, nimezika kisanamu cha Mtakatifu Yosefu kichwa chini, karibu na kibao cha kuuzia, ili alete mnunuzi. Bibi yako alimzika wake Jumatatu, Ijumaa nyumba ikauzika. Wangu naona ana usingizi. Asante kwa chumba. Usikipangishe.

Baba yako

Dubuque, 14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mzima, ila kucha zimejaa udongo. Jumapili nilifika ukiwa bado kwenye chakula cha parokia. Nikachimba penye kibao nimwamshe Yosefu wako. Hayupo. Nikamkuta kati ya maua ya Mama, amezikwa mpaka kiunoni, kichwa juu, anatazama dirisha la jikoni.

Verna jirani yako akanisemesha kutoka ng'ambo ya ua: "Mwache huyo, binti. Baba yako humwamkia kila asubuhi. Na gari likipunguza mwendo, hukilaza kibao kifudifudi."

Sikukasirika. Nyumba hiyo imenilea, na ninaishukuru. Lakini Januari ulilala chini ya ngazi mpaka Verna alipoona theluji haijazolewa. Sitaki Januari nyingine. Maua ya Mama yanahamishika. Shimo lake nimeshachimba hapa kwangu.

Mwanao,
Marlys

Cascade, 9 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kunyamaza. Niko mzima. Uliyoyaona ni kweli. Nilimweka pale atulindie nyumba, asije akaiuza. Dirisha lile marehemu mama yako alilipenda.

Jumatatu nimechimba maua yake. Mizizi imo ndooni, imefunikwa gunia. Kisha nikamng'oa Yosefu, nikamtaka radhi, nikampanda kichwa chini. Alhamisi nyumba imeuzika. Verna anasema ni muujiza, ameshampelekea padre habari.

Asante kwa kutonigombeza, na kwa kuchimba shimo kabla sijakubali. Jumamosi njoo unichukue.

Baba yako

Nimesahau: aliyenunua ni Dale, huyu anayetuletea barua. Alikuwa akiiulizia nyumba tangu Pasaka.